Siku moja kuuchorea ramani msitu wa Rondo

Saa 11 alfajiri, Lindi mjini. Kabla ya chai naziweka pamoja picha mbili za setilaiti ya Sentinel-2, za eneo lilelile. Ya Mei kila kitu ni kijani: miombo, vichaka, mikorosho. Ya Agosti miombo imepukutisha majani, msitu wa bondeni haujapukutisha. Ndiyo maana siiamini ramani ya uoto iliyochorwa kwa picha ya msimu mmoja, hata iwe safi vipi.

Saa 1 tumeshaipita Mnazi Mmoja. Barabara ya kupanda Rondo ni vumbi tupu.

Saa 4, nukta ya kwanza, yaani mahali pa kwanza tunapokuja kuhakiki ramani ambayo kompyuta imeichora kutokana na picha zile. Kompyuta imepaita msitu usiopukutisha. Tunakuta mikorosho mikubwa, matawi yameshikana, maua yananukia. Kutoka angani mkorosho uliokomaa hufanana mno na msitu wa pwani, maana wote hubaki kijani kiangazi kizima. Huku kusini hilo si jambo dogo. Ukihesabu shamba kuwa msitu, siku msitu wenyewe ukifyekwa ikapandwa mikorosho, ramani yako itanyamaza.

Saa 6 tuko msituni hasa. Tunavuta utepe mita 15 kutoka kigingi cha katikati, tunazunguka, na kila mti mkubwa ndani ya duara tunaupima kipenyo, mita 1.3 kutoka ardhini. Mzee anayetuongoza anachanja gome kidogo kwa panga. Utomvu mwekundu unachuruzika. Mninga.

"Na ule, mzee?"

"Mkongo huo, mwanangu. Okota ganda uone."

Ndani ya ganda mna mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Naandika kwanza jina alilonipa yeye, la kisayansi litafuata.

Kazi hii haikwepeki. Kisanduku kimoja cha picha ni mita 10 kwa 10, hakikuonyeshi mninga wala mkongo, kinakupa rangi ya mchanganyiko wao. Miti gani huota pamoja, hilo unalijua ukiwa umesimama chini yake.

Saa 10 jioni tunageuza.

Saa 3 usiku naifundisha kompyuta upya, mikorosho sasa ina kundi lake. Ramani imebadilika sana upande wa mashamba. Bado inachanganya msitu mkavu na vichaka vilivyoota kwenye mashamba yaliyoachwa. Nukta za kesho nimezipanga huko.