Dagaa wa Wale wa Kulia

Juzi mwanangu wa darasa la sita alikaa jikoni na kazi yake ya skuli wakati nakatakata maini ya futari. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, ini kazi yake nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kisu kilikuwa kimeshazama, na ile harufu ya chuma yenye utamu kidogo ndani yake ikanipanda puani.

"Linachuja sumu," akajijibu mwenyewe, kidole kitabuni. "Si ndiyo?"

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

Mwalimu ametia vema. Mimi ndiye niliyebaki na lile swali, na pamoja nalo banda la panya wa majaribio la njia ya Mwera, Unguja.

Ilikuwa 2009. Panya 24, weupe, macho mekundu, niliwaleta mwenyewe kwa boti kutoka Dar ndani ya maboksi niliyoyatoboa kwa bisibisi. Abiria aliyekaa karibu yangu alihama kiti kabla hatujaupita mnara wa Chumbe. Vipi nilipata nafasi ile ya masomo, na kwa nini banda likawa kule shamba badala ya mahali penye maji ya uhakika, hiyo hadithi nyengine na haina faida.

Nilichotaka kujua kilikuwa kidogo. Wakulima wawili wa nyanya wanapiga dawa, bomba mgongoni. Mmoja asubuhi kanywa chai na kipande cha muhogo, mwenzake kala samaki. Dawa ni moja. Ini la huyu na ini la yule litaipokea sawa? Watu huwezi kuwapanga hivyo ukawalisha na kuwapima. Panya unaweza, au ndivyo nilivyodhani.

Wa safu ya kushoto, 12, chakula chao kilikuwa na protini asilimia 20: unga wa dagaa niliousaga mwenyewe, na soya. Wa kulia, 12, asilimia 5 tu. Hao chakula chao kilikuwa unga wa muhogo, soya kidogo na mafuta, nikitia vitamini na madini wasije wakanifia kwa jambo jengine. Kila asubuhi nusu ya kila safu niliinywesha kloripirifosi, dawa ya wadudu, kidogo sana ndani ya mafuta ya mahindi, kwa kibomba cha chuma chenye ncha ya mviringo. Nusu nyengine, mafuta matupu. Kloripirifosi wakati ule uliipata dukani bila ya mtu kukuuliza jina. Ulaya wameiondoa sokoni 2020.

Kitabu cha mwanangu hakisemi kwamba kloripirifosi ikifika tumboni bado haijawa kali hasa. Ini ndilo linaloipa makali. Vimeng'enya vyake vinaing'oa salfa na kutia oksijeni pahala pake, na hicho kinachotoka ndicho kinachokwenda kukizuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu, misuli ikabaki inapokea amri zisizokwisha. Halafu ini hilo hilo lina vimeng'enya vyengine vya kukivunja. Mkono mmoja unawasha, mwengine unazima, na mikono yote miwili imejengwa kwa protini. Sasa mnyime panya protini uone mkono gani utachoka mwanzo.

Walionitangulia hawakuniachia jibu moja. Mwaka 1969 Wamarekani walionesha kwamba panya wenye upungufu wa protini waliistahimili heptaklori, dawa nyengine ya wadudu, kuliko walioshiba, kwa sababu ini lao dhaifu lilishindwa kuigeuza kuwa kile kilicho kikali zaidi. Njaa ikawakinga. Lakini wengine walijaribu dawa moja ya ukungu kwa panya walionyimwa protini kabisa, na ikawaua kwa dozi ambayo mwenzao aliyeshiba angeimeza akaendelea kujilamba manyoya.

Kwa hivyo nilikuwa na shauku, na nilikuwa na mzani.

Wiki ya kwanza wa kulia walisimama uzito, kama ilivyotakiwa. Ya pili wakaanza kupanda. Ya tatu, Ramadhani imeshaingia, panya namba 17 alikuwa mzito kuliko wenzake wawili wa kushoto, na manyoya yanang'aa kama katiwa mafuta ya nazi. Nikaulaumu mzani. Nikaazima mwengine kwa sonara mmoja mjini, ukasema vile vile.

Siku ile nilipobadilisha maranda ya mbao kwenye kizimba cha 17 nikaona kitu kinametameta. Nikakishika kwa vidole viwili. Kichwa cha dagaa mchele, kizima, jicho lake limekauka limekuwa kama punje ya ufuta mweupe. Unga wangu mimi niliusaga mpaka ukawa vumbi. Kichwa kizima hakikutoka kwangu. Na safu ya kulia hata huo unga haikuwa haki yake.

Nikarudi saa kumi na mbili kasorobo jioni, nikakaa nyuma ya magunia.

Aliingia mlinzi wetu, Mzee. Kofia kichwani, kandambili, tasbihi imezungushwa mkononi. Hakuwasha taa. Alikwenda moja kwa moja kulia, hata hakuwatazama wa kushoto, akatoa mfukoni karatasi ya khaki na kuifungua juu ya meza taratibu, kona moja baada ya nyengine, kama mtu anayefungua dawa ya mtoto. Panya walikuwa wameshajua. Wote 12 walisimama kwa miguu ya nyuma, pua zimetokeza kwenye waya. Alichukua dagaa mmoja, akamvunja katikati, kipande hapa, kipande kizimba cha pili. "Haya, masikini wa Mungu. Polepole, usimnyang'anye mwenzio." Namba 17 alimpokea kwa mikono miwili, akakaa kitako, akala kuanzia mkiani, kama mtu anayekula gunzi la mahindi, huku akimtazama Mzee.

Nilitoka kwenye magunia.

"Shikamoo, Mzee."

Hakushtuka hata kidogo. "Marahaba, mwanangu. Hujenda kufuturu?"

"Mzee, hawa hawatakiwi kula dagaa."

"Mbona wale wanakula?"

"Wale ndiyo. Hawa la. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

"Wana kosa gani?"

Nikamweleza. Nilisema protini, nikasema makundi, nikasema ulinganisho, nikasema nyanya na wakulima na dawa. Nilikuwa na hasira na njaa, na nadhani kufika mwisho nilikuwa nikijieleza mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, karatasi ya khaki mkononi.

"Mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka, mwanangu," akasema. "Alimfunga. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Na huyo hata sumu hakumpa."

Hadithi ile tumesomeshwa sote chuoni, tungali watoto. Hiyo sentensi ya mwisho tu ndiyo sikuwahi kuisikia.

Adhana ikalia. Alinipa tende, tukafuturu pale pale, vidole vyake vinanuka dagaa. Ndipo aliponihadithia, pasipo kuulizwa, kwamba naye alikuwa mtu wa dawa. Kwao Pemba, upande wa Konde, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, aliajiriwa kwenye ile kampeni ya malaria iliyoanza 1957 na kusitishwa 1968. Nyumba kwa nyumba. Unga wa DDT wanauchanganya na maji ndooni, wanapampu, wanapiga kuta zote mpaka uvunguni mwa kitanda. Watu walifurahi kwa kunguni kufa kuliko kwa mbu. Paka wa bibi mmoja alitetemeka siku mbili, akafa, na bibi yule hakumwitikia salamu mpaka kazi ilipokwisha.

"Mlikuwa mkila nini, Mzee?" Lilinitoka tu, kama swali la fomu.

"Muhogo." Akafikiri. "Pahala pengine walitukaribisha samaki. Lakini zaidi muhogo."

Mwaka wa pili baada ya Mapinduzi ni 1966. Mwaka huo huo, Uingereza, watafiti wawili walichapisha kazi ambayo mimi niliinukuu kwenye ukurasa wa tatu wa andiko langu. Waliwanyima panya protini, vimeng'enya vya ini vikaporomoka, na panya wakaistahimili vizuri zaidi kaboni tetrakloridi, ile waliyokuwa wakiitumia madobi kutolea madoa. Kisha wakawapa panya hao hao wenye njaa dozi moja ya DDT. Ini likaamka, vimeng'enya vikarudi, na ule unafuu ukaondoka: kaboni tetrakloridi ikawaua kwa urahisi. Niliisoma mara nyingi, na sikupata kufikiri kuwa wakati huo huo kulikuwa na vijana Konde waliokuwa kwenye kundi la kulia.

Na kuna jambo jengine, ambalo nalisema kwa kusitasita. Panya waliolishwa DDT wakawa hawana neno, kisha wakafungishwa njaa, walianza kutetemeka. Dawa ilikuwa imelala kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yalipoyeyuka ikarudi kwenye damu. Jioni ile kikombe cha Mzee kilikuwa kikigonga sahani. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita, hesabu haikubali, na mzee yeyote aliyefunga kutwa mkono wake hutetemeka. Hayo niliyajua. Kikombe nilikitazama hata hivyo.

Waswahili tunasema fulani kanikata maini. Mzee alinikata maini wiki moja kabla ya mimi kuyakata ya panya wake. Fedha za kuanza upya sikuwa nazo, na muda wa kuwafuga ulikuwa umekwisha. Nilimwomba aache, akasema "Inshallah," ile inshallah ya mtu asiyeahidi kitu. Sikuwapima tena.

Kumi la mwisho niliwachinja wote. Nyuma ya masikio ya namba 17 palikuwa na joto. Ini la panya ni zuri kulitazama, jekundu la kukoza, linateleza, kingo kali kama jani. La mwenye mafuta mengi hupauka likawa na rangi ya njano. Ini likikosa protini hujaa mafuta, kwa hivyo ya safu ya kulia yalitakiwa yapauke. Yalikuwa mekundu, 12 yote. Niliyafunga moja moja kwenye karatasi ya fedha, nikaandika namba, nikayatia kwenye friza kungojea kupelekwa kupimwa vimeng'enya mwezi wa Januari.

Idi mosi Mzee alikuta vizimba vitupu.

"Wamekwenda wapi?"

"Nimewarudisha Dar."

"Alhamdulillahi," akasema. "Njia yote ile. Lakini wamekwenda wameshiba."

Tarehe 10 Disemba umeme wa Unguja ukakatika. Waliokuwepo hawahitaji kuhadithiwa: miezi mitatu, mpaka Machi, mji mzima unavuma majenereta, akina mama na ndoo, barafu inauzwa kama dhahabu. Nilinunua petroli siku tisa. Siku ya kumi sikuwa na kitu.

Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sampuli zimeharibika kwa kukosekana umeme. Hapana neno la uongo ndani ya barua ile. Alinijibu kwa huruma kubwa, akanitafutia mada nyengine ya kwenye makaratasi, na kwa hiyo nilipata shahada. Habari ya dagaa hakuipata mpaka leo, labda akiisoma hapa.

Friza tuliifungua usiku, kwa kuwa mchana majirani wangetusema. Mzee alishika kandili. Harufu ilikuwa ile ile ya juzi jikoni kwangu, ila imevimba, imejaa banda.

"Nini hii?"

"Nyama, Mzee. Imeharibika."

Hakuuliza nyama ya nini. Alichimba chini ya mshelisheli, akaweka jembe pembeni, nikaanza kuvishusha vile vifurushi kimoja kimoja, karatasi ya fedha inametameta kwenye mwanga wa kandili. Nilimsikia anahesabu, midomo inakwenda kama yuko kwenye tasbihi. Alipofika 24 akanyamaza. Akangoja kidogo, kama kuona kama kuna cha 25. Kisha akachukua jembe akaanza kufukia.