Mkono wa kushoto si klachi: usalama katika gulio la pikipiki za kale

Kila mwaka, Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani inapokaribia mwanzoni mwa Septemba, mimi huvuka Mto Mississippi kutoka Moline, jimbo la Illinois, ninakoishi, hadi viwanja vya maonyesho vya Davenport katika jimbo la Iowa. Huko ndiko tawi la Chief Blackhawk la Chama cha Pikipiki za Kale cha Marekani limekuwa likiendesha kwa miaka mingi gulio ambalo wapenzi wa mashine hizi hulifuata kutoka majimbo ya mbali. Naliita gulio kwa makusudi, maana ndivyo lilivyo: wauzaji hutandaza maturubai juu ya nyasi, wakapanga kabureta, sanduku za gia, viti vya ngozi vilivyopasuka, matangi yenye kutu na hata injini nzima, na wanunuzi hupita safu kwa safu wakiinama, wakiokota, wakigeuza na kuuliza bei. Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1954, na kwa kanuni yake pikipiki huhesabiwa kuwa ya kale ikishatimiza miaka 35, kwa hiyo hata zile Honda za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambazo baba yangu alizitengeneza kwenye gereji yake Tanga, zikiwa bado na mng'ao wa dukani, sasa zinastahili kuingia humo.

Mwaka huu nitakwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amehamia huku hivi karibuni baada ya kuendesha bodaboda nyumbani kwa miaka mitatu. Ni kijana mwangalifu na mikono yake ni mizuri. Nilipoanza kumweleza mambo ya kuchunga katika gulio, alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: “Lakini Mjomba, pikipiki si pikipiki tu?” Swali hilo ndilo limenifanya niandike, kwa sababu nimeona mtu mzima, mwenye uzoefu kuliko sisi sote wawili, akiumia kwa kuamini hivyo hivyo.

Ilikuwa katika gulio dogo la jimbo jingine, ambalo sina haja ya kulitaja, asubuhi na mapema, nyasi zikiwa bado na umande. Muuzaji alikuwa na Harley-Davidson WL ya miaka ya 1940, mashine ninayoijua vizuri kwa kuwa ninayo moja nyumbani. Mnunuzi alikuwa bwana wa makamo aliyefika na pikipiki yake mwenyewe ya kisasa, akaomba aizungushe kidogo kati ya safu mbili za meza. Muuzaji alimwonyesha gia na klachi kwa maneno machache, injini ikiwa tayari inanguruma, na mimi nilikuwa nimesimama hatua kama nane kutoka hapo nikiwa na plagi mkononi.

Sasa ni lazima nieleze jinsi mashine ile inavyoendeshwa. Mafuta huongezwa kwa mkono wa kulia, kama tulivyozoea. Mkono wa kushoto hauzungushi mafuta bali huwahisha au huchelewesha cheche ya plagi. Gia hubadilishwa kwa mtaimbo mrefu ulio pembeni mwa tangi, kwa hiyo mkono mmoja hulazimika kuachia usukani kila unapopanda au kushuka gia. Klachi, inayounganisha injini na gurudumu la nyuma au kuitenganisha nalo, iko mguuni, upande wa kushoto, nayo ni kanyagio linalobembea: ukilisukuma kwa kisigino klachi inaachia, na ukilisukuma kwa vidole inashika. Kanyagio hilo halina springi ya kulirudisha, bali hubaki pale ulipoliacha, ili dereva aweze kusimama na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili bila pikipiki kuondoka. Na ile shika iliyo kwenye usukani upande wa kushoto, mahali ambapo pikipiki ya leo ina klachi, ni breki ya mbele.

Yule bwana aliondoka vizuri. Alipofika mwisho wa safu alianza kugeuka, na hapo mwanamke mmoja akatokea kati ya matrela mawili akiwa amebeba taa ya mbele ya pikipiki, macho yake yakiwa kwenye hiyo taa. Bwana akashtuka na kufanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umefanya maelfu ya mara: akafumba vidole vya kushoto akidhani anaachia klachi. Injini ikaendelea kusukuma, gurudumu la mbele, likiwa limepinda juu ya nyasi zenye umande, likafunga na kuteleza, na mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 ikaangukia upande wa kulia, ule wenye bomba la moshi, mguu wake ukiwa chini. Tuliinyanyua watu watatu. Nilizima swichi ya juu ya tangi na kufunga mafuta kwa kukaza kifundo kilicho juu ya tangi la kushoto, kwa maana mafuta yalikuwa yameanza kuchuruzika kutoka kwenye kifuniko kuelekea kwenye silinda zilizokuwa bado na joto. Mwanamke hakuguswa. Bwana aliungua kwenye shavu la mguu, jeraha refu kama kiganja, na harufu ya suruali iliyoungua ninaikumbuka hadi leo.

Wala WL si mashine ya ajabu kuliko nyingine. Pikipiki nyingi za Indian, chapa nyingine ya Marekani, za zama hizo zilitoka kiwandani mafuta yakiwa mkono wa kushoto na mtaimbo wa gia ukiwa upande wa kulia. Triumph, BSA na Norton za Uingereza zilikuwa na gia ya mguu wa kulia na breki ya nyuma kwenye mguu wa kushoto, hadi katikati ya miaka ya 1970 sheria ya Marekani ilipodai kwamba kila pikipiki mpya iwe na gia kushoto na breki kulia. Harley-Davidson haikuwa na breki ya mbele hadi zile za mwaka 1928, hivyo mashine za kabla ya hapo husimamishwa na gurudumu la nyuma peke yake. Katika safu moja ya gulio unaweza kukuta mashine tano ambazo kila moja inataka akili yake, na mwili wa mtu ukishtuka haufuati maelezo aliyopewa dakika mbili zilizopita, unafuata mazoea ya miaka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo wasioupenda: mashine usiyoizoea isijaribiwe ndani ya gulio. Muuzaji akupeleke mahali pa wazi pasipo na watu, na kabla injini haijawashwa ukae juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi, uguse kila kitu, useme kwa sauti kila kimoja kinafanya nini, hadi utakapoweza kuvigusa bila kuviangalia. Kwenye zile zenye klachi ya kubembea, angalia pia kama kanyagio linabaki lilipo. Sehemu inayolishikilia ikilegea, kanyagio hujisogeza lenyewe kwa mtikisiko wa injini, na mashine iliyosimama ikiwa na gia ndani huondoka bila mtu kuiamuru. Muuzaji akiona uchunguzi huo ni usumbufu, mwache na pikipiki yake.

Jambo la pili ni namna ya kuzunguka. Uwanja wa Davenport ni mkubwa. Ndani yake kuna njia ya mbio ya udongo ya nusu maili, na mabanda na safu za wauzaji huchukua eneo ambalo mtu wa makamo kulimaliza kwa siku moja ni kazi. Ndiyo maana katika magulio haya utakuta watu wakizunguka kwa kila kitu chenye magurudumu: baiskeli, skuta za Cushman za zamani, pikipiki ndogo za kuchezea, na zaidi ya vyote magari ya gofu. Sikatai vyombo hivi. Wapo wazee wenye magoti mabovu ambao bila gari la gofu wasingeweza kuja tena, na kuwakosa hao ni kukosa elimu isiyoandikwa popote. Lakini mtu mwenye afya anayepanda gari la gofu kwa kufuata safu, akisimama kila meza, anaziba njia ya wote na anawaweka hatarini wale wanaoinama.

Gari la gofu linaonekana kama toi, na hapo ndipo linapodanganya. Mengi yana breki za magurudumu ya nyuma tu. Ukilipakia injini nyuma na watu wawili mbele, kisha ukateremka mteremko wa nyasi zenye unyevu, halitasimama pale unapotaka. Ukikata kona kwa kasi linaegemea upande mmoja, na abiria wa pembeni, asiye na mlango wala mkanda, anatupwa nje. Ya umeme nayo hayasikiki, na mtu aliyezungukwa na ngurumo za pikipiki hawezi kujua kwamba kuna kitu kinarudi nyuma kuelekea visigino vyake. Watoto wasipewe usukani, hata kwa “mzunguko mmoja tu,” na wasisimame nyuma kwenye sehemu ya mizigo. Nimemwambia mpwa wangu kwamba tukipewa lifti atakaa, miguu yote miwili ndani, mkono umeshika nguzo.

Sisi tutatembea. Tutachukua toroli lenye magurudumu mapana ya upepo, kwa sababu magurudumu madogo huzama kwenye nyasi na hukwama kwenye kokoto, na mtu anayevuta toroli lililokwama hurudi nyuma bila kuangalia. Tutavaa viatu vigumu vilivyofunika vidole. Nimewaona wengi wakija na kandambili, mahali ambapo vipande vya chuma hudondoka mezani mara kwa mara. Na nimejiwekea desturi moja ambayo imenisaidia: sitembei huku natazama spea. Nikitaka kutazama, ninatoka njiani, nasimama upande wa meza, ndipo nainama. Wapita njia wengi katika gulio wana macho ya mtu anayetafuta pete iliyoanguka, na dereva yeyote wa chombo chochote hana budi kuchukulia kwamba hakuna anayemwona. Jioni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu taa za volti 6 za mashine hizi humulika kidogo tu na nyingine haziwaki kabisa. Jua likizama, yangu husukumwa kwa mikono.

Iowa na Illinois hazimlazimishi mtu mzima kuvaa kofia ngumu, na ndani ya gulio wengi huzunguka vichwa wazi, wakisema mwendo ni mdogo. Mtu anayeanguka kutoka kwenye pikipiki iliyosimama kabisa bado anaangukia kichwa kutoka kimo cha kiti. Kofia zetu zitakuwa kwenye toroli, na hakuna mashine itakayowashwa kabla hazijavaliwa.

Kuhusu kununua nitasema machache. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huonyesha umri wake kwa tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya ubavuni: 2314, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi inaweza kuwa na meno mazima kabisa na bado mpira wake ukawa umekauka, ukapasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Bitana za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo ukifungua ngoma ya breki iliyonunuliwa kwenye turubai usipulize vumbi lake, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Safari ya kurudi nayo ina hatari zake, hasa kwa aliyenunua mashine nzima na kuchoka. Juu ya trela, uzito upangwe ili kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo ulalie kwenye ndoano ya gari. Mzigo ukikaa nyuma sana, trela huanza kuyumba kwenye barabara kuu na kulivuta gari pamoja nalo. Mikanda iwe minne, ya mbele ikivuta chini na mbele, nayo isifungwe kwenye ncha za usukani, ambazo kwa mashine za umri huu hupinda au huzunguka. Mafuta yafungwe. Baada ya kilomita chache za kwanza simama mahali salama na ukaze tena, maana springi zikishatikiswa, mikanda iliyokuwa imekaza hulegea.

Ninayo WL yangu ndani ya gereji, na tangu wiki iliyopita nimeiweka kwenye stendi, injini ikiwa imezimwa, ili mpwa wangu akae juu yake kila jioni na kujizoeza. Kisigino, vidole, mtaimbo, breki ya mguu wa kulia. Mimi husimama mbele yake na kumpigia kelele “Simama!” bila kumpa taarifa. Jana kisigino chake cha kushoto kilishuka kwanza, sawasawa kabisa, lakini vidole vya mkono wa kushoto navyo vikafumba pamoja nacho. Alivitazama, akavifungua polepole, akaniambia, “Tuanze tena, Mjomba.”