Jiwe juu ya nguo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne jioni, mvua ikinyesha, geti langu liligongwa. Nikachungulia. Kijana wa kiume amemshika mkono mtoto wa kike wa kama miaka mitano, wote wamelowa chepechepe. Akasema wanakwenda kumzika mama yake, wamepungukiwa nauli, wametoka stendi kwa miguu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ndala za yule mtoto. Ya kushoto mkanda ulishakatika, umefungwa kwa waya. Nikamwambia yule kijana, "Nenda kanisani baba, pale watakusaidia. Mungu akutangulie." Nikarudisha komeo. Kanisa lilikuwa limeshafungwa saa ile, na nilijua.

Wengi wenu mnajua kwa nini. Mlikuwepo mwaka juzi, mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye alipoondoka na fedha za kikoba chetu. Kwenye maombi alikuwa analia kuliko sisi sote. Tangu hapo mtu akilia mbele yangu, mkono unakwenda kwenye mkoba kuangalia kama zipu imefungwa.

Usiku huo sikupata usingizi. Mezani kulikuwa na riwaya aliyoiacha mwanangu alipokuja likizo, The Road ya Mmarekani Cormac McCarthy. Ilitoka 2006, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer. Nikaianza. Dunia imeungua, na mwandishi haelezi imeunguaje. Kila mahali majivu, jua halionekani, miti imekufa imesimama. Miongoni mwa waliosalia wapo wanaowinda binadamu wenzao ili wawale. Baba na mwanawe mdogo, wasiotajwa majina, wanasukuma toroli la dukani kwenda kusini, kuelekea pwani, na bastola yenye risasi za kuhesabu. Mtoto anarudia kumuuliza baba yake kama wao bado ni watu wema. Baba anasema ndiyo.

Tusiseme hayo ni mambo ya kubuni tu. Katika 2 Wafalme 6 Samaria imezingirwa, kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha, na mwanamke anamlilia mfalme kwa sababu mwenzake amemficha mtoto wake baada ya wao kumla wa kwanza. Biblia haikutuficha mwanadamu anakuwaje njaa ikimbana.

Walaji watu hawakunisumbua sana. Aliyenisumbua ni yule baba, maana ni baba mzuri, anajinyima ili mwanawe ale. Wakishafika pwani, mtu anawaibia kila kitu: chakula, mablanketi, hata toroli. Wanamfuatilia mpaka wanamkuta. Ni mtu aliyekatwa vidole vya mkono wa kulia na kufukuzwa na kundi lake. Baba anamwelekezea bastola, anamwamuru avue nguo zote na viatu, aviweke kwenye toroli, kisha anamwacha uchi kwenye baridi ile. Mtoto analia njia nzima. Anasema yule mtu alikuwa na njaa tu. Mwishowe wanarudi, wanaita, haitiki mtu. Wanazirundika zile nguo na viatu barabarani, baba anaweka jiwe juu yake. Baadaye anajitetea kwamba hakuwa na nia ya kumuua. Mtoto anamwambia, lakini tumemuua.

Nikafunga kitabu. Ilikuwa saa nane usiku na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Yule baba hakufyatua risasi. Na mimi sikumtukana yule kijana. Nilimjibu kwa upole, nikamwombea na baraka. Wapendwa, hapo ndipo Roho aliponikemea, na ninalolisema sasa nalisema kwangu kwanza. Tumeibiwa, ni kweli. Lakini mwizi wetu tumemfanya mchungaji wetu: yeye ndiye anayetuambia nani afunguliwe na nani arudishwe. Kikoba kilikuwa cha laki kadhaa. Mimi nimeendelea kumlipa yule mama kwa miaka miwili, kila ninapomnyima mtu ambaye hakuniibia chochote. Yesu alisema, "Na kwa sababu ya kuongezeka maasi, upendo wa wengi utapoa." Lisomeni tena taratibu. Maasi ni ya hao wengine, ila upendo unaopoa ni wetu, sisi tunaofunga na kuomba na kuimba kwaya. Tunapandisha ukuta, tunachomeka vipande vya chupa juu, halafu ndani yake tunaomba uamsho!

Simwambii mtu afungue mlango usiku bila kufikiri. Bwana mwenyewe hakujiaminisha kwao, Yohana 2:24, kwa kuwa aliwajua wote. Na bado alimwosha Yuda miguu. Ningeweza kumwita jirani, tukaenda wote stendi, nikamkatia tiketi kwa mkono wangu. Ingenigharimu saa moja na kulowa. Nilitaka uhakika kwanza, na uhakika haukuwepo. Katika riwaya ile, baba akishafariki, mtoto anakutana na mtu barabarani na kumuuliza atajuaje kama ni mwema. Jibu analopewa ni kwamba hana namna ya kujua, itabidi ajaribu. Akaenda naye.

Sasa rudini Samaria, sura ya 7. Nimeisoma miaka yote bila kuona ni nani walioleta habari kwamba njaa imekwisha: wakoma wanne, watu waliowekwa nje ya lango. Walikuta kambi ya Washami, wale waliouzingira mji, imeachwa tupu, wakala, wakanywa, wakaficha fedha na dhahabu, ndipo wakaambiana, "Mambo haya tufanyayo si mema, leo ni siku ya habari njema, na sisi tunanyamaza." Wakaja usiku kumwita bawabu wa mji. Mfalme akasema ni mtego, na kwa hesabu za kivita alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtumishi wake mmoja akashauri watu watumwe wakaone. Mji ukapona kwa sababu bawabu aliwasikiliza wakoma na mtu akakubali kwenda kuangalia.

Jumatano alfajiri nilikwenda stendi. Mama anayeuza uji pale aliwakumbuka. Alisema walilala kwenye benchi lake, na kulipokucha akawapa vikombe viwili. Nikataka kumlipa, akakataa. Walikoelekea hakujua.

Nauli yao ninayo kwenye bahasha, iko ndani ya Biblia yangu. Ninyi mnaokaa upande wa stendi, mkimwona kijana mrefu, mwembamba, na mtoto wa kike ambaye ndala yake ya kushoto imefungwa waya, nipigieni saa yoyote. Hata usiku wa manane nitapokea.