Nilivyoushika Mfuko wa Bendi Yetu Kutoka Magomeni Hadi Mbeya

Kwa siku 26, kuanzia Ijumaa ya tarehe 14 Juni 2019, nilikuwa mwimbaji na pia mweka hazina wa bendi ndogo ya muziki wa dansi iliyotoka Magomeni, Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe, na kumalizia Mbeya. Tulikuwa watu tisa ndani ya Hiace moja: waimbaji wawili, wapiga magitaa ya solo, ridhimu na besi, mpiga drams, binti mpiga kinanda, fundi mitambo na dereva. Naeleza namna nilivyoushika mfuko wa safari hiyo kwa sababu safari yetu iliyotangulia ilivunjikia njiani, na kilichoivunja kilikuwa fedha.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Tulikuwa tukielekea Kanda ya Ziwa kwa ahadi ya promota mmoja, na tulipofika Singida simu yake ikawa haipatikani tena. Matairi mawili yalikuwa yamekwisha, na kiongozi wetu wa wakati huo, ambaye peke yake ndiye aliyejua kilichokuwa kikiingia mlangoni, alituambia kwamba hakuna kitu. Inawezekana alisema kweli. Hata hivyo hakuna aliyemwamini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akihesabu. Wenzetu wawili walipanda basi asubuhi iliyofuata na hawakurudi katika bendi hadi leo, na mmoja wao alikuwa mpiga ridhimu bora kuliko wote niliowahi kuimba mbele yao.

Mwezi wa Ramadhani bendi nyingi za dansi husimamisha maonyesho na kuutumia muda huo kutunga nyimbo na kufanya mazoezi. Mwaka 2019 Idi iliangukia mwanzoni mwa Juni, wakati ambapo wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanavuna na mikononi mwao kuna fedha, kwa hiyo tulikubaliana kuondoka wiki moja baada ya sikukuu. Katika kikao cha mwisho cha mazoezi ndipo nilipotoa pendekezo langu: fedha zitakazobaki baada ya gharama zigawanywe katika mafungu kumi na moja yaliyo sawa, yaani mafungu tisa ya watu, fungu la kumi la gari na la kumi na moja la vyombo.

Wenzangu wengine walishangaa gari kupewa mgao kama mwanamuziki. Aliyeniunga mkono kwanza ni mzee wetu wa solo, ambaye ameishi ndani ya muziki huu tangu ujana wake. Alitukumbusha kwamba zamani bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, hadi kuwa Msondo Ngoma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa likiharibika lilikuwa tatizo la mwajiri. "Sasa mwajiri hayupo, binti yangu," aliniambia, "na vyombo havijui kuomba. Usipoviwekea chao mapema, vitakidai usiku ambao huna." Baada ya hapo hakuna aliyepinga, nami nikanunua daftari la kurasa mia moja, kitabu cha tiketi zenye namba, na muhuri mdogo.

Suala la tiketi nilijifunza kwa maumivu. Katika ukumbi mmoja niliowahi kuimba miaka ya nyuma, mwenye ukumbi aliweka watu wake mlangoni, na ingawa hapakuwa na mahali pa kukanyaga, tulikabidhiwa fedha za watu sitini. Tangu hapo sikubali kupanda jukwaani kabla ya kuandikiana mambo matatu: nani anakaa mlangoni, wageni wa mwenye ukumbi watakaoingia bure ni wangapi, na vinywaji ni vya nani. Kwetu vinywaji vilikuwa vyake na mlango ulikuwa wetu. Dereva wetu, ambaye usiku hana kazi nyingine na ambaye hanywi pombe, ndiye aliyeshika kitabu, na mtu wa ukumbi alikaa kando yake. Niliandika namba ya tiketi ya kwanza jioni na ya mwisho usiku, na pande zote mbili tukatia saini.

Mahesabu tuliyafanya usiku uleule, kabla ya mtu yeyote kulala, katika chumba changu na mpiga kinanda, mlango ukiwa wazi na wote tisa wakiwapo. Nitatoa mfano wa Iringa, Jumamosi ya tarehe 22 Juni. Waliolipa walikuwa 164 kwa kiingilio cha shilingi 5,000, hivyo tulipata shilingi 820,000. Gari la matangazo lilichukua 50,000, kibali na walinzi 40,000, na mafuta ya kwenda mbele 60,000. Vyumba vitano vya shilingi 15,000 kwa siku mbili vilikuwa 150,000, na chakula cha watu tisa kwa shilingi 7,000 kila mmoja, pia kwa siku mbili, kilikuwa 126,000. Zilibaki 394,000. Kila fungu lilipata 35,000, na shilingi 9,000 zilizosalia ziliingia katika akiba.

Msomaji ataona kwamba nilikata gharama za siku mbili ilhali onyesho lilikuwa moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo bendi nyingi ndogo zinapokufa. Katika siku zetu 26 tulikuwa na maonyesho 12 tu. Siku 14 zilizobaki tulikula, tulilala na tulisafiri bila kuingiza hata senti. Mwanamuziki akipokea fedha nzuri usiku wa Jumamosi anahisi kwamba kazi inalipa, lakini Jumatatu anakopa chai, na kufikia Jumatano anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Kwa hiyo siku isiyo na kazi ililipiwa na siku yenye kazi kabla ya mgao, hata pale kila fungu lilipopungua na nikaona nyuso zikikunjamana.

Jambo lililonisumbua zaidi ya yote lilikuwa fedha za kutunzwa. Shabiki anapoguswa na wimbo huja mbele na noti, na mara nyingi humpa mwimbaji, kwa kuwa ndiye aliye karibu naye na ndiye anayelitaja jina lake. Morogoro, usiku wa kwanza, nilitunzwa shilingi 46,000 ilhali mpiga besi hakupata chochote, na wimbo uliowainua watu ulisimama juu ya besi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuweza kulala. Asubuhi nilipendekeza nusu ya kila kinachotunzwa iingie katika kapu la pamoja na nusu ibaki kwa aliyepewa, kisha nikaweka 23,000 mezani kabla sijaomba mtu mwingine aweke. Mwimbaji mwenzangu alisita kwa siku mbili. Sikumlazimisha, na tulipofika Iringa alianza kuweka mwenyewe.

Kanuni ya pili niliyoisimamia kwa ukali haikuhusu fedha: hatukusafiri usiku baada ya onyesho. Tulipokuwa Morogoro mzee wetu wa solo alituonyesha sehemu za mji alizozikumbuka tangu enzi za bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na ni vigumu kuwa mwanamuziki katika mji ule usikumbuke kwamba Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe naye kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Watu wawili waliobeba muziki wa mji mmoja, wote walichukuliwa na barabara. Tulilala hadi saa mbili asubuhi, dereva alikula kwanza kabla ya sisi wote, na ndipo tukaondoka. Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza katikati ya wanyama kwa takriban kilomita 50, tuliipita mchana kwa mwendo wa taratibu, na Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya malori bila kujaribu kuyapita.

Vyombo navyo vilihitaji malezi. Juni hiyohiyo mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku nchini, na sisi tuliozoea kuviringisha nyaya ndani ya mifuko ya rambo tulilazimika kununua mifuko ya salfeti na kushona vitambaa vya kufunikia kinanda na miksa. Ninakiri kwamba ilikuwa bora kuliko zamani, kwa sababu kila mfuko uliandikwa kilichomo. Fundi mitambo hakuchomeka chochote ukutani kabla ya kupima umeme, na Mafinga, alipokuta umeme umeshuka sana, alikataa kuwasha amplifaya hadi tulipokodi jenereta, jambo lililotuchelewesha saa nzima huku watu wakipiga miluzi. Baridi ya kule mwezi wa Juni si ya kuchezewa. Nyuzi za magitaa zilizolainika kwa joto la Morogoro zilipanda sauti usiku kucha, na wapiga magitaa walijifunza kuyatoa kwenye mikoba yake mapema ili yazoee ukumbi. Mimi nilitunza koo langu kwa maji ya moto yenye tangawizi, na sikugusa kinywaji cha baridi hadi niliporudi nyumbani.

Usiku ninaoukumbuka kuliko mwingine wowote ni wa Alhamisi, tarehe 27 Juni, Makambako. Taifa Stars walikuwa Misri, katika fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, na usiku huo walicheza na Kenya. Nilikuwa nimepanga ratiba nikiwa Dar es Salaam bila kuitazama kalenda ya mpira, na kosa hilo ni langu. Mwenye ukumbi, mama wa makamo aliyezoea biashara, alinipokea kwa upole. Nilipomwamkia, alinijibu, "Marahaba mwanangu. Ila leo watu hawaji kwa ajili ya gitaa, wanakuja kwa ajili ya Taifa Stars." Tulikaa naye chini ya mti tukapanga upya: kiingilio kishuke hadi shilingi 3,000, tupige kuanzia saa mbili usiku, tusimame mpira utakapoanza, runinga iwekwe jukwaani mbele ya drams zetu, kisha tuendelee baada ya kipenga cha mwisho.

Simon Msuva alipofunga bao la mapema, mpiga drams alishindwa kujizuia, akavipiga vyombo vyake nyuma ya runinga na ukumbi mzima ukaitikia. Kenya walisawazisha, Mbwana Samatta akatuweka mbele tena mara moja, na tulikwenda mapumziko tukiongoza mabao mawili kwa moja. Kipindi cha pili Kenya walifunga mara mbili. Mpira ulipokwisha ukumbi ulikuwa kimya kama msibani, na watu walianza kutafuta makoti yao. Tulikuwa tumepanga kuanza na wimbo wa kasi wenye sebene refu, yaani ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu. Mzee wetu alinitazama, akatikisa kichwa, akaanza kwa solo ya taratibu sana ya wimbo wetu wa kumlilia aliyeondoka, nami nikaingia kwa sauti ya chini. Waliokuwa wamesimama mlangoni walirudi. Tuliwapandisha kidogo kidogo, wimbo baada ya wimbo, na sebene lilikuja saa nane usiku, wakati walipokuwa tayari kulipokea. Tiketi zilikuwa 97, sawa na shilingi 291,000, na kwa hesabu ya daftari huo ndio usiku uliotuingizia kidogo kuliko yote. Asubuhi yule mama alitupa chai na maandazi bila malipo.

Fungu la gari lilionyesha maana yake tarehe 3 Julai, karibu na Chimala, klachi ilipokwisha tukiwa njiani kwenda Mbeya. Tulisukuma gari hadi kwa fundi, naye akatutajia shilingi 265,000 pamoja na kifaa. Baada ya maonyesho tisa fungu la gari lilikuwa na 298,000. Nilifungua bahasha mbele ya wote, nikahesabu, nikalipa, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kutoa mfukoni mwake. Nilimwona mpiga ridhimu wetu wa safari hii, ambaye naye alikuwapo Singida mwaka 2016, akienda kando peke yake na kusimama muda mrefu akitazama milima.

Mbeya tulipiga usiku tatu, wa mwisho ukiwa Sabasaba, na ukumbi ulijaa kila mara. Tulirudi kwa siku mbili, tukilala Iringa, na Jumanne ya tarehe 9 Julai jioni tulikwama Kimara, ambako barabara ilikuwa ikipanuliwa. Wengine walikuwa wamelala. Fundi mitambo alinigusa bega akaniuliza fungu la vyombo limebaki na kiasi gani, kwa kuwa stendi mbili za vipaza sauti zilikuwa zimelegea na alitaka kuzibadilisha kabla ya onyesho la Ijumaa. Nilifungua daftari kwenye mapaja yangu, nikamwonyesha mstari wa mwisho, naye akatoa kalamu akaanza kuandika bei.