Maneno ya siasa na gunia la kiboko

Nilikulia katika kambi ya polisi mjini Kampala, ambako watoto wa makabila yote tuliunganishwa na Kiswahili, na huko ndiko nilikolijua neno "bepari" miaka mingi kabla sijamwona mtu aliyestahili kuitwa hivyo. Wanajeshi wa Tanzania waliobaki mjini baada ya rais Idi Amin kuangushwa mwezi Aprili 1979 walituachia msamiati mzima: ubepari, ukabaila, unyonyaji, kupe, mirija, ujamaa. Sisi watoto tuliutumia katika ugomvi wetu wa kila siku. Aliyekataa kugawa muwa wake alikuwa bepari, na aliyemtuma mdogo wake akachote maji kwa niaba yake alikuwa kabaila. Nilipokuja kufundisha historia ndipo nilipotambua kwamba maneno hayo yalikuwa yamekwisha kutuamulia mengi.

Neno "bepari" lenyewe lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, bila tusi lolote ndani yake. Siasa ya miaka ya sitini ndiyo iliyolitia uchungu. Upande wa pili, "ujamaa" lilizaliwa likinukia nyumbani, kwa kuwa limetokana na jamaa, watu wa ukoo wako, na ni nani atakayesimama hadharani kuwapinga jamaa zake? Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapofungua makala kuhusu tofauti za itikadi hukuta kesi imekwisha kuhukumiwa kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Uliberali na uhafidhina, kwa kuwa ni maneno ya kukopa au ya vitabuni, hayana harufu yoyote, na ndiyo maana wanafunzi wangu huyakariri bila kuyaelewa.

Nimezoea kuwaambia waziweke kando istilahi hizo kwa muda na wafikirie gunia moja la kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kama lilivyo kwenye ua wa mkulima wa Masaka. Nani ana haki ya kupanga bei yake? Ardhi ilikoota mibuni ile ni ya nani? Mambo yakiharibika, ni nani anayeaminiwa kuyatengeneza: mtu binafsi, soko, dola, au mila? Itikadi kubwa za siasa zinatofautiana hasa katika kujibu maswali hayo, na zile zinazojibu swali la kwanza kwa namna moja huweza kugombana vikali katika la tatu.

Mliberali huanza na mtu mmoja mmoja. Kwake mkulima ni mwenye haki kabla hajawa mwanachama wa kitu chochote, na serikali ipo ili kuilinda haki hiyo na yenyewe izuiwe isiivunje. Kutokana na mzizi huo, uliokuzwa na watu kama John Locke katika karne ya 17, yamechipuka matawi mawili ambayo watu huyachanganya. Tawi moja ni la uhuru wa kisiasa: kusema, kuabudu, kuunda chama, kushtakiwa kwa mujibu wa sheria. Tawi la pili ni la uhuru wa soko, ambalo Adam Smith alilitetea mwaka 1776 kwa hoja kwamba bei inayotokana na mapatano ya wengi hufanya kazi vizuri kuliko bei inayoamriwa na mmoja. Kama kwamba mkanganyiko huo hautoshi, Wamarekani humwita mliberali mtu anayetaka serikali itoze kodi zaidi na ihudumie zaidi, hivyo anayefuatilia habari zao hana budi kukumbuka kwamba neno hilo huko limegeuka.

Hapa Uganda tuliyaona matawi hayo yakitenganishwa mbele ya macho yetu. Harakati ya Upinzani ya Yoweri Museveni ilipoingia Kampala tarehe 26 Januari 1986 ilikuwa na programu ya mambo kumi iliyozungumzia uchumi mchanganyiko, na wengi wa viongozi wake walikuwa wamesoma nadharia za mrengo wa kushoto. Museveni mwenyewe alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1967 na 1970. Mwaka 1987 serikali hiyohiyo ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba wa Bodi ya Kahawa, chombo cha serikali, katika kuuza nje ulivunjwa, na baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1994, wakulima wetu walipata fedha ambazo chini ya bodi zingeishia Kampala kwa sehemu kubwa. Lakini vyama vya siasa vilibaki vimefungwa mikono hadi kura ya maoni ya mwaka 2005. Mkulima alikuwa huru kumchagua mnunuzi wa kahawa yake, lakini hakuwa huru kuungana na wenzake katika chama na kumsimamisha mgombea wao. Mtu akiniuliza kama Uganda ya miaka ile ilikuwa ya kiliberali, humjibu kwamba ilikuwa hivyo sokoni tu.

Msoshalisti huona kasoro mahali pengine. Humwambia mliberali kwamba mapatano ya bei kati ya mkulima mwenye gunia moja na deni la karo ya shule, na mnunuzi mwenye lori na ghala, si mapatano ya watu huru wawili, kwa sababu mmoja anaweza kusubiri na mwingine hawezi. Hoja hii naipa uzito, kwa kuwa nimeiona. Dawa yake ni kwamba njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma. Milton Obote, rais wetu wa wakati huo, alitangaza mkondo huo katika Hati ya Mtu wa Kawaida mwaka 1969, na tarehe 1 Mei 1970, kwenye uwanja wa Nakivubo, akasema serikali itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. Hakupata muda wa kutekeleza, maana alipinduliwa tarehe 25 Januari 1971. Aliporudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, Obote yuleyule aliiachia shilingi ielee sokoni mwaka uliofuata, jambo ambalo huwafurahisha sana wanafunzi wanaopenda kuwakamata wakubwa katika uongo, ingawa mimi naona hazina tupu ina itikadi yake.

Na dawa hiyo ina ugonjwa wake. Babu yangu aliuza kahawa kupitia chama kimoja cha ushirika wakati bei ilipokuwa ikipangwa na serikali, na alichopewa mara nyingi kilikuwa karatasi ya kuahidi malipo. Msimu mmoja ahadi ile ilichukua zaidi ya mwaka, na fedha zilipofika zilikuwa zimekwisha kuliwa na mfumuko wa bei. Alizihifadhi zile stakabadhi katika bati la biskuti. Hakuwahi kuulaumu usoshalisti, neno ambalo sidhani kama alilijua, aliwalaumu makarani.

Wengi huuchukulia ukomunisti kuwa usoshalisti mkali zaidi tu. Tofauti iko katika njia na katika mwisho wa safari. Karl Marx na Friedrich Engels walidai mwaka 1848 kwamba historia ni mapambano ya matabaka, na kwamba wafanyakazi watawapindua wenye mali hadi matabaka yenyewe yatoweke. Lenin akaongeza chama kimoja chenye nidhamu cha kuyaongoza mapinduzi, akachukua Urusi mwaka 1917. Julius Nyerere aliikataa hoja hiyo ya matabaka waziwazi: ujamaa wake haukugawanya watu kuwa ndugu na maadui, bali ulidai kwamba Mwafrika alikwisha kuishi kijamaa kabla ya ukoloni na anachohitaji ni kurudi huko kwa zana mpya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha mabenki, ila halikutoka katika chungu kimoja na Moscow. Wenye kuyaweka yote mawili katika kapu moja hawajamsikiliza Nyerere.

Kati ya hao na waliberali wamesimama wafuasi wa demokrasia ya kijamii, ambao wameliacha soko lifanye kazi kisha wakalitoza kodi ili kulipia shule, hospitali na pensheni. Huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1948 ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Sisi tuna elimu ya msingi bila ada tangu 1997, na kufutwa kwa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, hatua zilizochukuliwa na serikali ileile iliyokuwa ikiuza mashirika ya umma.

Mhafidhina ndiye ninayepata taabu zaidi kumweleza, kwa sababu vitabu vya kigeni humchora kama mtetezi wa matajiri. Wazo lake la msingi, tangu Edmund Burke alipoyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790, ni kwamba taasisi zilizodumu zina hekima ambayo kizazi kimoja hakiwezi kuibuni upya kwa kalamu, na kwamba anayezing'oa hajui atavuna nini. Kwa kipimo hicho, chama cha Kabaka Yekka (Kabaka Peke Yake) cha miaka ya sitini kilikuwa cha kihafidhina kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho. Wanachama wake hawakuwa wakiota soko huria. Walitaka kiti cha Kabaka, mfalme wa Buganda, kisiguswe. Obote aliivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mwezi Mei 1966, akazifuta falme kwa katiba ya 1967, na machozi ya jambo hilo hayajakauka Buganda ingawa falme zilirudishwa mwaka 1993. Nina swali moja tu kwa wahafidhina wetu. Ardhi ya mailo, yaani ile inayomilikiwa kwa utaratibu wa pekee wa Buganda, wanayoitetea kama urithi wa mababu, ilipimwa kwa maili za Kiingereza kutokana na mkataba wa Buganda na Waingereza wa mwaka 1900. Jambo likidumu muda gani ndipo linakuwa mila?

Utaifa huweza kupanda juu ya itikadi yoyote kati ya hizi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, wakiwamo watu wenye uraia wa Uganda, akaiita hatua hiyo vita vya uchumi. Wapo wanaoihesabu kama siasa ya kushoto kwa kuwa mali ilitwaliwa. Mali hiyo ilikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa askari na wapambe, nao umma ukabaki ukipanga foleni ya sukari na chumvi. Kiswahili cha Uganda, ambacho mara nyingi huchekwa na majirani, kiliwapata vizuri watu hao kwa jina moja la "mafuta mingi". Hakuna istilahi ya kitabuni iliyo sahihi kuliko hiyo. Ufashisti wa Ulaya, uliotukuza taifa la damu moja chini ya kiongozi mmoja, una udugu na jambo hilo, na Amin mwenyewe alimsifu Hitler hadharani, ingawa yeye hakuwa na nadharia wala chama.

Kuhusu kushoto na kulia sitasema mengi. Ni mpangilio wa viti katika bunge la Ufaransa la mwaka 1789, waliotaka kura ya turufu ya mfalme wakikaa kulia na waliompinga wakikaa kushoto. Kwetu mwaka 1962 Kabaka Yekka waliungana na chama cha Obote kuunda serikali, na mpangilio huo ukakosa maana siku hiyohiyo.

Mwezi Novemba 2024, Bunge lilipopitisha sheria ya kuivunja mamlaka ya maendeleo ya kahawa na kuhamishia kazi zake wizarani, nilikuwa Masaka kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyeirithi mibuni ya babu. Redio ilikuwa ikitangaza fujo zilizotokea ukumbini. Nikamuuliza yeye angetaka nini. Akasema anataka mnunuzi yeyote aruhusiwe kufika uani kwake na bei ya siku ile, serikali imletee bwana shamba na miche bila malipo, na mtu asiguse ardhi ya Kabaka. Nilimweleza kwamba hayo ni madai ya itikadi tatu zinazopingana. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniomba nimsaidie kugeuza kiboko upande wa pili wa turubai kabla mvua haijafika.