Morvan kwa baiskeli: gia, matope ya magogo na maji ya makaburini

Morvan, katika Bourgogne nchini Ufaransa, si milima mirefu; kilele chake, Haut-Folin, kina mita 901 tu. Kinachochosha ni kupanda na kushuka kusikokwisha. Ukiwa na mizigo, gia nyepesi kuliko zote iwe na meno 30 mbele na 34 nyuma. Ukija na 39 kwa 25 za mashindano, magoti yatalalamika kabla hujauona mji wa Château-Chinon.

Tairi za milimita 35 zinatosha. Shika barabara ndogo zenye herufi D mbele ya namba, ila chunga palipokatwa miti: malori ya magogo huacha matope na maganda ya miti, na chini ya kivuli cha misonobari lami hukaa na unyevu hadi mchana. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukikamata breki katikati ya kona, tairi la mbele linateleza.

Maji? Makaburini mara nyingi kuna bomba. Likiandikwa “eau non potable” (maji yasiyofaa kunywa), hayo ni ya maua tu. Chakula nunua asubuhi, maana maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Usiku nje ya miji, fulana ya kuakisi mwanga ni sheria.