Sauti kwanza: ninavyoandika vichekesho vya katuni nikiwa Tanga

Kwenye katuni, sauti hutangulia picha. Mwandishi anaandika, waigizaji wanaingia studio na kurekodi, halafu wachoraji wanazipokea sauti zile na kuchora midomo, mikono na macho ya kuzifuata. Jambo hili ndilo lililonipa moyo wa kuishika kazi hii nikiwa hapa Tanga, mbali na studio za Dar es Salaam. Kazi ya mwanzo kabisa ni ya sikio, na sikio langu limelelewa Ngamiani.

Ngamiani mitaa yetu ni barabara zenye namba, na kila barabara ina baraza lake na msimuliaji wake. Nyumbani tuliangalia vichekesho vya marehemu Mzee Majuto, Amri Athumani, mtoto wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018. Wenzangu walikariri maneno yake. Mimi nilikuwa nasubiri pale anaponyamaza kabla ya kujibu, kwa sababu kicheko chetu sebuleni kilianzia pale. Shule yangu nyingine ilikuwa misibani. Mtani akifika, anazuia watu wasiendelee na shughuli mpaka apewe chochote, anamsema marehemu kuwa kaondoka na deni lake, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Mtani mzuri anajua wakati wa kuanza, na anajua vizuri zaidi wakati wa kuacha.

Mwaka 2014 Ubongo Kids ilipoanza kurushwa TBC1, niliona wanyama wa katuni wanaongea Kiswahili chetu, na wazo likanijia kuwa nyuma ya maneno yale kuna mtu amekaa ameandika. Wakati huo nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha. Nikaanza kuandika usiku. Nilichotuma studio baadaye ilikuwa hadithi moja kamili ya dakika kumi na moja, yenye wahusika wangu mwenyewe. Jibu la mhariri lilikuwa fupi: "Mdogo wangu, maneno nimeyasikia. Sasa nionyeshe wanafanya nini." Hadi leo kila ukurasa ninaoandika naupitisha kwenye maswali hayo mawili: nasikia nini, na mchoraji atachora nini.

Kuhusu namna ya kuandika, aliyenisaidia kuliko wote ni mtu wa Marekani ambaye sijawahi kumwona. John Swartzwelder ameandika vipindi 59 vya The Simpsons, katuni ya vichekesho ya Marekani inayohusu familia moja, na hakuna mwandishi mwingine wa mfululizo ule aliyefikia idadi hiyo. Alianzia kwenye matangazo ya biashara huko Chicago, na si mtu wa kujitokeza hadharani. Lakini mwaka 2021 alikubali kuhojiwa na jarida la The New Yorker, akaeleza kuwa rasimu ya kwanza huiandika yote kwa haraka, kwa siku moja, vichekesho vikiwa vibovu na majibizano yakiwa ya kujazia tu. Kesho yake anaikuta kazi iko mezani, kama vile ameandika mtu mwingine asiyejua kuandika, na yeye anabaki na kazi ya kurekebisha. Kuandika ni kugumu, kurekebisha ni kwepesi zaidi, basi anapunguza siku za ile kazi ngumu.

Nilivyoujaribu utaratibu huu, nilihama kutoka kumaliza ukurasa kwa shida mpaka kumaliza hadithi nzima kwa usiku mmoja. Rasimu yangu ya kwanza ina mistari kama "Pweza anasema kitu kuhusu bei" na "Hapa mama anamjibu vibaya." Siirekebishi usiku uleule. Nalala. Asubuhi yake kila mstari mbovu unanionyesha wenyewe mzuri ungekaaje. Mwandishi yeyote wa Kiswahili anayekwama kwenye ukurasa wa kwanza namshauri aanzie hapa kabla ya kununua kitabu chochote cha uandishi.

Huyo pweza nimweleze, kwa sababu ndiye aliyenifundisha gharama. Nilimwandika awe dalali kwenye mnada wa samaki, kwa kuwa mwalo wa Deep Sea naujua vizuri na midomo ya madalali wake naipenda. Pweza ana minyiri minane, kwa hiyo niliona anadi samaki wanane kwa wakati mmoja, kila mnyiri na bei yake. Mhariri alicheka, kisha akanieleza hesabu. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, na hata mchoro mmoja ukishikiliwa kwa picha mbili bado ni michoro 12 ya sekunde moja tu. Siku hizi mhusika hutengenezwa kwenye kompyuta mara moja, akiwa na viungo vinavyochezeshwa, lakini minyiri minane inayokwenda kila mmoja na njia yake ni kazi ya watu kwa siku nyingi. Umati wa wanunuzi, maji yanayomwagika, nguo mpya, mahali papya, vyote hivyo mwandishi huvitaja kwa neno moja na studio huvilipia kwa wiki.

Nikamvisha pweza kanzu na koti. Minyiri miwili inaonekana, sita imefichwa ndani. Anaongea kwa adabu, mikono miwili tu kama watu wote, anamhakikishia mteja kuwa bei hii ni ya mwisho, hana hata thumni ya faida. Halafu mteja anatoa noti, na ncha ya mnyiri wa tatu inachungulia kwenye kola. Dalali anaurudisha ndani taratibu, hanyamazi, haangalii chini. Kichekesho hiki ni bora kuliko kile cha kwanza, na umaskini wa bajeti ndio uliokizaa. Tangu hapo kabla sijaandika huwa nauliza: mhusika huyu anaficha nini? Kitu kilichofichwa hakichorwi mpaka kifichuke, na mtoto aliyekaa mbele ya televisheni atakisubiri.

Huko Marekani rasimu ya The Simpsons husomwa kwa sauti na waigizaji mezani, waandishi wakisikiliza kicheko kinaangukia wapi. Mimi meza yangu ni baraza. Baada ya Alasiri watoto wanatoka madrasa, nawasomea, penseli mkononi. Wakicheka naweka alama. Wakianza kuangalia barabarani naweka alama nyingine, na hiyo ya pili ina thamani zaidi. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitumbua, alisikiliza mnada wa pweza mpaka mwisho akaniambia, "Mwanangu, dalali wako ana 'nafikiri' nyingi. Dalali hafikirii mbele ya mteja." Nilirudi ndani nikafuta kila "nafikiri" na kila "labda", na mhusika akasimama. Shikamoo yangu kwake sasa ina uzito wa mwanafunzi kwa mwalimu.

Suala la lugha tumebishana sana na mhariri, na msimamo wangu sijaubadilisha. Watu wa Mwanza au Mbeya wanaweza wasielewe neno la Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu ya Tanga, hilo nakubali, na neno likimzuia mtoto nalitoa. Mapigo ya usemi siyatoi. Mzee wa pwani akitaka kukukatalia huanza kwa kukuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, mpaka unajua mwenyewe kuwa hupati. Ukimwandika aseme "hapana" moja kwa moja, umeokoa sekunde nane na umepoteza mtu. Vichekesho vingi vya katuni vilivyofasiriwa kwa Kiswahili huniacha baridi kwa sababu hii: maneno ni yetu, pumzi ya msemaji si yetu.

Jambo lingine ni muda. Kati ya rasimu yangu na kipindi kurushwa hewani hupita miezi. Kuna wanaoweza kwenda mbio, kwani South Park, katuni nyingine ya Marekani, inajulikana kwa kutengeneza kipindi kwa takriban siku sita, ila studio ndogo haiwezi. Kwa hiyo siandiki utani wa habari za wiki hii. Naandika mteja na dalali, mtoto na kazi za nyumbani, mgeni asiyeondoka. Nafasi ya mwisho ya kubadilisha kitu bila kuumiza bajeti ni animatiki, yaani michoro ya mwanzo ikiwa imepangwa na kuwekewa sauti. Hapo naomba niwepo, hata kwa simu. Mara nyingi nachoomba ni kukata. Picha ikishamwonyesha pweza anarudisha mnyiri ndani ya koti, mstari wa mteja kusema "nimeuona" hauna kazi.

Malipo yangu huja kwa hatua: muhtasari, rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho. Marekani waandishi wa katuni za usiku za Fox, kituo cha televisheni kinachorusha The Simpsons, walikuja kuingia chini ya chama cha waandishi, WGA, mwaka 1998, miaka tisa baada ya The Simpsons kuanza kama kipindi kamili, kwa hiyo hata kwa wakubwa haki haikuja mapema. Kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inatambua haki za kiuchumi na za kimaadili za mtunzi, ikiwemo kutajwa jina. Soma mkataba kabla ya kusaini. Angalia wahusika uliowabuni wewe wanabaki kwa nani, na jina lako litaandikwa wapi.

Mtu anayetaka kuanza atume hadithi moja iliyokamilika, fupi, ya wahusika wake mwenyewe. Mhariri wangu anasema anachokitafuta kwanza ni mtu anayefika mwisho wa hadithi, kwa sababu mistari ya kuchekesha inaweza kuongezwa mkiwa wengi chumbani. Studio ikikuita, waombe karatasi za wahusika, yaani michoro inayoonyesha kila mhusika alivyo, na orodha ya mandhari ambazo tayari zimechorwa. Mimi siandiki tena bila orodha hiyo mezani. Soko lipo, jahazi lipo, jiko la bibi lipo, msikiti kwa mbali upo; hadithi yangu ya sasa inabidi itokee humo humo, na pweza bado ana minyiri mitano ambayo hakuna aliyeiona.